Siku Bomba Lilipomponyoka Mama Pampu Ukweni

Umande bado haujakauka kwenye majani, na Mama Pampu amekwisha chuchumaa juu ya saruji ya kisima, sikio lake ameligusisha kwenye bomba. Anampa shemeji yake ishara asukume mpini mara moja tu, taratibu. Huko chini kitu kinakwaruza. Anasikiliza, anasonya, kisha uso unakunjuka.

"Mpira umelika," anawaambia kina mama waliopanga ndoo zao. "Silinda iko salama. Mtapika kwa maji ya hapa hapa leo."

Kina mama wanashusha pumzi. Mmoja anaketi juu ya ndoo yake iliyopinduliwa, ananyoosha miguu, anaanza kupiga soga. Tangu jana walikuwa roho juu.

Mwanamke huyu wa makamo, mwenye mabega mapana na sauti ya chini, ndiye fundi wa pampu za mkono katika mji mdogo wa soko na vijiji kumi na vinne vinavyouzunguka. Jina lake halisi wengi hawalijui. Hata shuleni wanawe huitwa watoto wa Mama Pampu, jambo ambalo binti yake mkubwa alilinunia kwa muda mrefu.

Husafiri nyuma ya pikipiki ya shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye pia ndiye msaidizi wake. Mume mwenyewe ni fundi cherehani pale mjini, kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, na hana ugomvi na mpango huo.

"Kwetu mimi ndiye ninayeshona, mwenzangu ndiye anayerudi na grisi," anasema akikata uzi kwa meno. "Waliotucheka wamechoka wenyewe."

Ufundi wake ulianzia kwenye kona ya soko la mji huo huo, ambako baba yake alikuwa akitengeneza baiskeli. Tangu utotoni alishinda pale akiziba pancha na kukaza minyororo. Pampu ya mtaani kwao ilipoharibika mara ya kwanza, alichungulia ndani ya kichwa cha pampu akaona mnyororo, akajisemea kwamba kumbe hii nayo ni baiskeli, ila haiendi popote. Aliirudisha ikafanya kazi. Baadaye watu wa idara ya maji walisikia habari zake, wakamchukua kwenye mafunzo pamoja na wanaume watano. Wale watano leo wana shughuli nyingine. Yeye amebaki na spana zake.

Malipo yake hutokana na michango ya kila kaya. Vijiji vingine hutoa fedha, vingine mahindi, na vingine humwomba avumilie mpaka mavuno. Hajatajirika, lakini anasema si haba, watoto wanasoma na paa halivuji.

Kulikuwa na kijiji kimoja tu alichokiendea kwa moyo mzito. Ni kijiji cha ukweni.

Mama mkwe wake hakuwahi kumtukana wala kumfukuza. Alinyamaza tu. Ndugu walipomuuliza mkwe wake anafanya kazi gani, alijibu kwamba yuko mjini, basi, akabadilisha mazungumzo. Mama Pampu akienda kuitengeneza pampu ya pale, mama mkwe alimpokea vizuri, akamwekea maji ya kunawa, lakini kwenye mikono yake hakutazama.

Kiangazi kilichopita pampu hiyo ilidhoofika. Mtu alipiga mpini mpaka mkono ukafa ganzi ndipo yatiririke maji ya kujaza sufuria. Mama Pampu na shemeji yake wakaenda. Wakafungua kichwa, wakaanza kuvuta mabomba kutoka chini ya ardhi, kipande baada ya kipande, kila kimoja kikibanwa kwa klampu, kibano cha chuma kinachozuia bomba lisizame, kabla ya kufungua cha juu yake.

Walikuwa wamefika katikati ya kazi pale kiungo kimoja, kilicholiwa na kutu kwa ndani bila mtu kujua, kilipokatika chini kidogo ya klampu. Mlio ulisikika hadi barabarani. Mabomba yote yaliyobaki, pamoja na silinda ya kupandishia maji, yalizama kisimani.

Hakuna aliyepiga kelele. Mama Pampu anasema hicho ndicho kilichomuumiza zaidi, kwamba watu walimtazama tu kama wanaotazama maiti. Mama mkwe alikuwa kwenye foleni. Aliinuka, akaokota ndoo yake tupu, akaenda zake nyumbani.

Kisima chenye mabomba yaliyozama huhesabiwa kimekufa. Na kile kilikuwa kisima pekee. Bila hicho, kijiji kingerudi kwenye bwawa linalonywewa na ng'ombe, ambalo miaka ya nyuma liliwaharisha watoto mpaka wengine wakazikwa. Kila mtu pale aliyakumbuka makaburi hayo.

Mumewe alimpigia simu akamwambia arudi mjini, idara ya maji itajua la kufanya. Lakini idara ilikuwa imeshajibu kwamba mtambo wa kuchimba uko wilaya nyingine, na hakuna anayejua utarudi lini. Mama Pampu alimwambia mumewe kwamba akiondoka siku hiyo hataweza kukanyaga tena ukweni, wala hataweza kuingia kijiji kingine akajiita fundi. Akapiga moyo konde, akabaki.

Alijaribu kwanza na ndoano iliyofungwa kwenye kamba. Ilirudi mikono mitupu, kama anavyosema mwenyewe. Ndipo akamtuma shemeji awashe pikipiki, wakarudi mjini kwa fundi wa kuchomelea, mzee mmoja mcheshi anayetengeneza vitanda na mageti.

Alimchorea mchangani kitu alichokitaka: chuma chembamba cha kuingia ndani ya bomba, chenye mabawa mawili ya kujikunja kikishuka na kufunguka kikivutwa juu. Mzee alizunguka ule mchoro. Akasema maishani mwake ameshatengeneza kila kitu isipokuwa ndoano ya kuvulia vyuma, na akaomba akipatikana samaki apelekewe mkia. Kisha akavaa miwani yake ya giza, akafanya kazi bila utani tena.

Kesho yake wakasimamisha magogo matatu juu ya kisima, wakapitisha kamba kwenye gurudumu la chuma. Wanaume wa kijiji wakajitokeza kuvuta. Chuma kikashuka, kikashika, kikainuka kidogo, kikachomoka. Kikashuka tena, kikachomoka tena. Sasa kila mwanaume alikuwa na maoni yake. Huyu anataka ivutwe kwa nguvu, yule anataka ilegezwe, na mwingine anasema waache kupoteza muda. Sauti ya Mama Pampu ikamezwa.

"Hapo nilikata tamaa," anakumbuka. "Kamba nilikuwa nimeishika, lakini mwenyewe nilikuwa nimeshaondoka."

Mama mkwe hakuwa ameonekana kisimani tangu jana yake. Watu walimwona akija kutoka upande wa nyumba, kanga ameifunga kiunoni. Akapita katikati ya wale wanaume, akashika mwisho wa kamba.

"Anayejua kazi hii ni mkwe wangu," akasema. "Mtavuta akisema vuteni. Akisema simameni, mtasimama. Mwenye maneno mengi akayaseme kwake."

 Mama Pampu akaishika kamba upya. Kisha akawaamuru walegeze kidogo. Akaizungusha kamba kwa vidole mpaka akahisi chuma kimekaa. Akasema vuteni, pole pole. Wakavuta. Uzito ukaja wote kwa pamoja, magogo yakalia, na safari hii hakikuchomoka. Bomba la kwanza lilipochungulia juu ya saruji likiwa limejaa matope, shemeji yake alilikumbatia kama ndugu aliyetoka safari.

Ilipofika jioni, mabomba mabovu yalikuwa yamewekwa kando na mapya yaliyoletwa kutoka mjini kushushwa. Maji ya kwanza yalitoka mekundu kwa kutu. Yakawa ya kahawia. Yakawa meupe. Mama mkwe ndiye aliyekinga ndoo ya kwanza, na kabla ya kujitwisha akamnawisha mkwe wake mikono, kidole kwa kidole, grisi na yote.

Asubuhi iliyofuata wageni walimiminika kutoa shukrani, lakini hakuna aliyemwona fundi. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha mama mkwe, na mama mkwe ameweka kigoda mlangoni akiwarudisha wote.

"Fundi amechoka," aliwaambia. "Njooni baadaye."

Mama Pampu anasema hajawahi kulala usingizi kama ule tangu aolewe. Aliamka mchana, akalala kimya akisikiliza mpini ukipigwa kule nje, na hakutaka kuinuka.

Siku hizi hakiendei tena kijiji hicho kwa moyo mzito. Anapanga kumfundisha mwanamke mmoja katika kila kijiji kubadilisha mipira na kukaza mnyororo, ili watu wasikae na kiu wakimsubiri. Ameanzia ukweni, na mwanafunzi wake wa kwanza ni wifi yake.

Juzi, wifi huyo alifungua kichwa cha pampu peke yake. Mama Pampu alisimama pembeni, mikono ameifumbata kwapani ili isimponyoke ikaenda kusaidia. Wifi akakosea, akafungua, akarudia. Kisha maji yakatoka.

"Nataka siku moja nije hapa kama mkwe tu," anasema Mama Pampu akipanda pikipiki kuelekea kijiji kingine. "Nivae gauni zuri, mume wangu aliyelishona awe pembeni yangu. Nikae kwa mama, nile, nisimulie habari za mjini. Pampu ikiharibika, wamwite wifi."