Kazi ya Hajati Kaltumu

Asikudanganye mtu: kulea wazee wa watu ni rahisi kuliko kumlea mama yako mwenyewe. Shamirah angekuambia hivyo bila kuulizwa, tena akiwa ameshika kiuno. Nyumba yao ya wazee pale Koboko ilianzishwa na bibi yake, Zenabu, aliyewakusanya wajane wa askari waliokosa hata wa kuwachemshia maji. Zenabu alipochoka, binti yake Kaltumu akaishika. Naye Kaltumu, aliporudi kutoka hija na magoti yakaanza kumsumbua, akamwachia Shamirah, akahamia Arua Hill kwa mwanawe Siraji.

Zenabu aliacha desturi moja, na ole wako uivunje. Mzee mpya akiingia, kabla hajaonyeshwa kitanda, anapewa chai ya tangawizi na kuulizwa, "Wewe utatufanyia kazi gani?" Hata asiyeona hakosi la kufanya. Mama Elena, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, kazi yake ni kumenya vitunguu saumu huku akisengenya nchi nzima. Asiyeulizwa ni yule tu anayeletwa akiwa mahututi. Huyo huachwa apumzike, na watu hunong'ona wakipita mlangoni pake.

Sasa mwaka huu Hajati Kaltumu akateleza bafuni kwa Siraji. Mguu ulipona, lakini Siraji na mkewe wanashinda kazini, na hakuna wa kumwinua. Akaletwa Koboko. Shamirah alivyohangaika! Chumba chenye dirisha la barabarani, shuka mpya, mito miwili. Hajati akanywa chai yake yote, akaweka kikombe chini, akamtazama bintiye. Alikuwa anangoja.

"Wewe ni kupumzika tu, Mama," Shamirah akamwambia. "Mguu wako usikanyage jikoni."

Angemuulizaje swali lile mama aliyemfundisha kazi yenyewe? Si utovu wa adabu huo?

Hajati akageukia ukutani. Tangu hapo sahani zikawa zinarudi kama zilivyokwenda. Gurusa, ile mikate laini ya Kinubi anayoipenda, hakuigusa. Uji hakuugusa. Akipelekewa samaki, anasema, "Mimi hapana taka." Kisha akaagiza sanda yake iletwe kutoka Arua. Weee! Shamirah akampigia Siraji simu, akamfokea kana kwamba yeye ndiye aliyemwaga maji bafuni. Daktari akaja, akapima, hakuona ugonjwa. Ila akasema wazi kwamba asipokula, hatafika mbali.

Shamirah akaenda jikoni, akalia mbele ya masufuria bila kujificha.

Elena akaacha vitunguu vyake. "Mwanangu, huyu mama unamuua wewe."

"Mimi? Mimi ninayemlisha kwa mkono wangu?"

"Hapa mutu hapewi kazi kama iko karibu kufa. Sisi wote tunajua. Ni yeye alitufundisha. Umemlaza, umemnyamazia. Sasa atakula ya nini?"

Lo! Shamirah aliona aibu mpaka masikio yakachemka. Akaponda tangawizi, akapika chai, akaingia nayo chumbani. Akapiga magoti.

"Hajati, karibu kwetu. Wewe utatufanyia kazi gani?"

Mama akageuka, uso umelowa machozi.

"Wewe mtoto iko mjinga sana. Nilidhani Siraji amekuambia kitu, mnanificha."

"Hakuna kitu, Mama, wallahi. Ilikuwa adabu tu."

"Adabu yako nusura inizike." Akapokea kikombe, akaonja, akakunja uso. "Na tangawizi iko kidogo."

Shamirah akacheka na kulia kwa pamoja. Mzigo wote ulimtoka mabegani. Swali lenyewe Hajati hakulijibu, na Shamirah hakuthubutu kulirudia.

Kesho yake likaja gari na mgeni kutoka kambi ya wakimbizi ya Omugo, mzee Lemi, aliyewahi kuwa katekista. Shamirah alipotoka na chai akamkuta mama yake ameshajikokota mpaka barazani, leso mpya kichwani, mkono ameunyoosha. Akamnyang'anya kile kikombe, akampa mgeni kwa mkono wake mwenyewe.

"Karibu, mzee. Wewe utatufanyia kazi gani?"

Lemi akafikiri. "Kanisani nilikuwa napiga kengele."

"Kengele hatuna. Utapiga sinia, chakula kikiwa tayari." Kisha akamgeukia Shamirah. "Na wewe unasimamia nini hapo? Mpe mzee sinia apige."

"Lakini chakula bado, Mama."

"Apige tu," akasema Hajati. "Mimi nasikia njaa."