Jina "Mkaa Taka" lilivyotumaliza Manzese: kwa nyie vijana mnaotaka kuuza moto wa taka

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Ninachoandika hapa kimenipata mie mwenyewe, sikusimuliwa. Majina nayaweka kama yalivyo. Mwenye kukasirika akasirike, wengi wao wameshatangulia na waliobaki hawajui kuingia humu.

Nimeandika kwa sababu ya yule kijana wa jana aliyeleta uzi wa startup yake ya Mikocheni. Anageuza taka kuwa mkaa, anatafuta sapoti, ana picha nzuri, kavaa koti. Nikasoma mpaka mwisho. Nilipofika kwenye jina la bidhaa nikaweka simu chini, nikaenda kunywa maji.

Kijana, umeiita "TakaMkaa".

Sasa ngoja nikuhadithie.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho mwisho ya Ujamaa. Nyie mnaoisikia kwenye hotuba mnaiona tamu. Sie tulioishi ndani yake tunajua foleni ya sabuni, foleni ya sukari, unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, mpaka mtoto anaota njano. Mafuta ya taa unasikia yapo Magomeni, ukifika Magomeni yapo Ilala. Mkaa nao ulikuwa unakuja kwa shida maana malori hayana dizeli.

Mie nilikuwa kijana, shule nimeishia katikati, naishi Manzese na mama yangu, Bi Mwajuma. Mama alikuwa akiuza vitumbua mchele ukipatikana, usipopatikana anachoma mihogo pale njia panda, pembeni ya Barabara ya Morogoro. Sasa hivi hapo yanapita mabasi ya mwendokasi. Mihogo yake watu walikuwa wanapanga foleni, na foleni ile ilikuwa ya hiari.

Kazi ya kuandikwa mie sikuwa nayo. Na enzi hizo usipokuwa na kitambulisho cha kazi, mgambo wakikukuta mtaani unapandishwa lori, unapelekwa kijijini ukalime. Nguvu kazi waliita. Hawakuuliza una mama, hawakuuliza nani anamchotea maji. Mama alikuwa na mie tu. Kila asubuhi alinitazama kama mtu anayeaga.

Ndiyo nikakutana na Thomasi.

Thomasi alikuwa Mmakonde, mchonga vinyago, amepanga chumba nyumba ya pili kutoka kwetu. Yule bwana alikuwa hatupi kitu. Vipande vya mpingo anavyobakiza kwenye kuchonga alikuwa anapikia, na moto wa mpingo mnaujua, unayeyusha sufuria. Siku moja ananiambia, "Shabani, hili jaa la nyuma ya soko nyie mnaliona uchafu. Mimi naona sufuria zinachemka."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Tukaanza. Tunaokota vifuu vya nazi, makumbi, maganda ya miwa yaliyokauka, tunachanganya na maranda ya mafundi seremala na vipande vyake vya mpingo. Tunachoma ndani ya pipa lililofunikwa mpaka vinakuwa vyeusi. Tunatwanga. Tunakoroga na uji wa maganda ya muhogo ili vishikane. Halafu tunashindilia kwenye kopo, tunasukuma nje kitu cha duara, tunaanika juani.

Wakuu, ule mkaa ulikuwa unawaka. Hauna moshi, hauruki cheche, unakaa jikoni mpaka unausahau. Hayo wanayofundishwa leo kwenye semina hotelini, sie tulikuwa tunafanya kwa kopo la maziwa.

Mama ndiye wa kwanza kupikia. Kachomea mihogo, watu wakasifu kwamba safari hii haijababuka. Majirani wakauliza, "Bi Mwajuma, mkaa huu wa wapi?" Mama akawa anajibu, "Wa duara." Basi. Jina likawa hilo, mkaa wa duara. Wanawake wakawa wanakuja uani kwetu na vikapu. Hakuna tangazo, hakuna nini. Hiyo ndiyo maketingi, wakuu. Mtu anauliza jikoni kwa mwenzie, anajibiwa, anakuja.

Hapo ndipo akaingia Ndugu Kibwana.

Kibwana alikuwa mwenyekiti wa tawi letu la chama. Kaunda suti, kalamu mbili mfukoni, sauti ya mtu aliyezoea kipaza sauti hata akiwa chooni. Akaja uani, akalishika lile duara, akaligeuza geuza, akasema, "Vijana, hii ni kujitegemea kwenyewe. Nitawafanyia mpango muwe kikundi rasmi. Kila mmoja atapata kitambulisho cha kazi."

Mama aliposikia neno kitambulisho alikaa chini palepale kwenye kinu.

Mie nikamuona Kibwana kama malaika. Ningejua.

Kwanza akataka jina. Nikamwambia lipo, mkaa wa duara. Akasema hilo halina siasa ndani yake. Huko juu wanataka kusikia mji unasafishwa, wananchi wanatumia taka zao wenyewe. Akakaa akafikiri, akasema, "Mkaa Taka. Fupi, linaeleweka."

Thomasi akamwambia, "Mwenyekiti, hiki kitu kinakwenda chini ya sufuria."

Kibwana akajibu, "Kwani taka ni tusi? Taka ni mali."

Akaenda akaandikisha kwenye ukuta wa ofisi ya tawi kwa rangi nyekundu: MKAA TAKA, TUJITEGEMEE.

Mwezi wa Ramadhani ukaingia. Sasa kwa nyie mliokulia kwenye magorofa niwaeleze kidogo. Manzese ya wakati ule futari ilikuwa inatembea. Kila nyumba inafunika sahani na kawa, inapeleka kwa jirani. Jirani naye harudishi sahani tupu, anaweka chochote alichonacho, hata vipande viwili vya magimbi. Kina Thomasi ambao ni Wakristo nao wanapelekewa, na wao Krismasi wanaleta. Dhiki ile ilivumilika kwa sababu ya sahani hizo.

Mama alikuwa fundi wa mihogo ya nazi. Sahani yake ikitoka, watoto wanaifuata.

Basi Kibwana akaitisha mkutano wa kuzindua kikundi, baada ya alasiri, watu wamefunga, jua limepungua. Katuweka mbele mie na Thomasi, na mama kamketisha kiti kabisa. Akaongea weee. Mama kavaa kanga zake mpya zile zilizopatikana kwa foleni ya duka la ushirika.

Halafu akasema, na hapa naandika kama nilivyosikia:

"Ndugu wananchi, juzi nani kala futari ya Bi Mwajuma?"

Watu wakanyoosha mikono, wanacheka.

"Ilikuwa tamu, haikuwa tamu?"

"Tamuuu."

"Basi ile futari imepikwa kwa taka. Taka za jaa lile pale nyuma ya soko." Akanyoosha kidole kabisa kuelekea kwenye jaa.

Akasubiri makofi.

Wakuu, mtu aliyefunga hutema mate kila saa, ni kawaida. Lakini siku ile yalitemwa kwa pamoja.

 Kisha sauti ya mwanamke nyuma, "Yarabi, tumelishwa jaa." Sauti ile naijua mpaka leo. Bi Tausi, muuza mkaa wa magunia, ambaye sie tulikuwa tumemchukulia wateja. Miezi yote alikuwa anatafuta pa kutushika hakupaona. Kibwana kampa bure, kwa kipaza sauti.

Jioni ile mama akapeleka sahani zake kama kawaida. Sahani zikarudi. Zimefunikwa kwa makawa yaleyale, mihogo imekaa vilevile kama ilivyopangwa, haijaguswa hata kwa kijiko. Watoto waliozileta wanaangalia pembeni. "Mama amesema ahsante, leo tumeshashiba." Jua halijazama, wameshiba nini?

 Mama alizipanga mkekani zote, akakaa mbele yake. Adhana ikatoka, akafungulia maji, akaingia ndani.

Kesho yake bombani Bi Tausi akamngoja mbele za watu.

"Mwajuma shoga, leo unatuchomea nini, mihogo au maganda ya jana?"

Mama akamjibu, "Nachoma ulichokula wiki nzima ukaomba chumvi."

"Nilikula sijui. Sasa najua."

Wenzie wakapiga vigelegele. Ikawa ndiyo mpasho wa mtaa mzima. Wanawake wakigombana hata kwa mambo yao mengine, utasikia, "Nenda huko, mpikia jaa." Nani tena akanunue mkaa ule aonekane nao kikapuni? Uzuri wa moto wanaujua. Ni lile jina. Mwanamke wa pwani unaweza kumwambia maskini akacheka, lakini sufuria yake usiiguse.

Tukamleta shehe wa msikiti wetu. Mtu muungwana. Akalivunja lile duara, akalinusa, akasema mbele ya watu, "Hiki kilikuwa kifuu, kimekuwa mkaa. Najisi iko wapi hapa?" Watu wote, "Sawa shehe." Mama akamkaribisha abaki afuturu. Shehe akatazama saa yake, akasema, "Inshallah siku nyingine, Bi Mwajuma, leo nimealikwa mahali."

Shehe alituhalalishia moto. Jina lilimshinda.

Tukaenda kwa Kibwana. Nikamwambia, mwenyekiti, tufute lile jina ukutani, turudi kwenye mkaa wa duara, watu watasahau. Unajua alinijibu nini?

"Jina limeshafika wilayani. Haliwezi kurudi."

Thomasi akamuuliza, "Kwani limekwenda kwa miguu?"

Akatufukuza ofisini. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba kwa Kibwana ule mkaa haukuwa wa kupikia. Ulikuwa wa kuripotia.

Na vitambulisho je? Akasema kikundi kisichouza si kazi, ni mchezo. Wacha tuuze kwanza. Tuuze kwa nani wakati yeye ndiye kafunga duka kwa mdomo wake? Nikazunguka na kapu mpaka Kinondoni, nikavuka mpaka Temeke, mahali ambapo nadhani hatujulikani. Nikifika, mtu ananiuliza, "Ndio ule wa jaa?" Jina lilinitangulia, lilikuwa na miguu kuliko mie.

Msako wa nguvu kazi ukaja baada ya Idi. Asubuhi, mie niko uani naanika maduara, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Mgambo wawili wakaingia, na Kibwana nyuma yao kama mwenyeji wa eneo.

Mgambo akaniuliza, "Kijana, kazi yako?"

"Natengeneza mkaa."

"Mkaa upi?"

Nikasema, "Mkaa Taka." Maana ndilo jina rasmi, nikajua litanisaidia kwa wakubwa.

Wakacheka wote wawili. Mmoja akamgeukia Kibwana, "Mwenyekiti, huyu unamjua?"

Kibwana akaangalia maduara yangu juani. Yalikuwa mengi, yamepangwa vizuri. Akasema, "Huyu hana kazi."

Mama alitoka jikoni akasema, "Kibwana, si ulimsimamisha mkutanini mbele ya watu? Si ulisema kujitegemea?" Kibwana akamjibu, "Bi Mwajuma, usinichanganyie mambo ya serikali."

Nikapandishwa lori na mikono yangu vilevile. Thomasi yeye alikuwa na kitambulisho cha ushirika wa wachongaji, wakamuacha. Alikimbia nyuma ya lori akanirushia shati lake.

Nikapelekwa kijiji kimoja bonde la Rufiji kulima pamba. Ya huko sitayaandika, malaria na mbu mnaweza kuyajaza wenyewe. Hoja yangu si hiyo.

Niliporudi misimu miwili imepita. Thomasi ameshahamia kwao Newala. Kibwana kapandishwa cheo, kwa mkaa ule ule, maana kwenye ripoti ulikuwa umefanikiwa sana. Bi Tausi kaongeza magunia. Njia panda hakuna tena mihogo ya mama.

Nilimkuta jikoni, mlango umefungwa, mchana kweupe. Ramadhani ilikuwa imerudi tena. Anapika kisufuria kimoja kidogo, cha mtu mmoja. Nikainama kuangalia mafiga, nikaona maduara. Alikuwa ameyaokota yote siku ile nilipochukuliwa, akayatia ndani, akawa anapikia taratibu.

Nikamuuliza, mama, humpelekei mtu futari?

Akasema, "Nampelekea nani, baba?"

Akachochea kidogo. "Lakini ulikuwa mkaa mzuri, Shabani. Ungeitwa jina lolote jingine."

Mpaka anafariki hakupeleka tena sahani nyumba ya mtu.

Kwa hiyo kijana wa Mikocheni, na wengine wenye projekti kama hizi: mashine sijui, wafadhili sijui, hayo mnayajua nyie. Mie nakwambia moja tu. Kitu usikipe jina la kilikotoka, kipe jina la kinakokwenda. Kinakwenda jikoni kwa mwanamke mwenye majirani. Ukishindwa kukiita, kaa naye uone atamjibu nini mwenzie akimuuliza, ndilo hilo jina. Na akija kiongozi akitaka kukubatizia bidhaa, mpe soda, mpe kiti, jina usimpe.

Nimemaliza, jazieni. Ninaowasubiri hasa ni nyie ambao bibi zenu walikuwa Manzese miaka ile. Kama kuna aliyewahi kuwahadithia kwamba alirudisha sahani ya mihogo ya nazi haijaguswa, aseme hapa. Sina ugomvi naye. Nataka kujua tu kama alikuwa ameshiba kweli.