Armida wa Gari la Ufagio

Gari la mwisho katika mbio zetu za baiskeli lina ufagio. Ni ufagio wa kweli, wa mabua ya mtama, na huwa tunaufunga kwa waya juu ya paa ukiwa wima, ili kila anayegeuka nyuma auone na ajue siku yake inaelekea kuisha. Gari likikupita, umetoka mashindanoni. Unashuka, unageuza mgongo, unatolewa namba, baiskeli yako inapandishwa juu ya paa, nawe unaingia ndani kukaa na walioshindwa wenzako. Aliyeliendesha gari hilo kwa miaka ishirini na miwili ni Armida Zanoletti. Mimi, Elvezio, mpeleka barua mstaafu, nilikuwa nikikaa pembeni yake, kazi yangu kutoa namba. Nimefanya hivyo miaka kumi na mmoja na sijawahi kupewa hata fulana.

Armida alikuwa na miaka sabini na mmoja. Ujana wake uliishia kwenye kiwanda cha nyuzi kule chini mtoni, na kilipofungwa akapewa basi la shule. Akapanda na kushuka nalo kona zilezile kumi na nne za mlima wa Marenza, theluji iwepo isiwepo. Nusu ya vijana wanaoshindana siku hizi aliwahi kuwafokea wakae chini. Hakuwahi kumngoja mtoto hata mmoja. Saa ikifika mlango unafungwa, na mama mtu akimbie nyuma ya basi na soksi mkononi akipenda. Kamati ya mbio ilipotafuta dereva asiyejua huruma, haikuhangaika.

Mumewe, Gildo, alikuwa mwashi. Kuta za mawe zinazoizuia barabara ya Marenza isiporomoke mtoni, nyingi ni mkono wake. Naye alikuwa ameshiriki mbio zetu tangu zilipoanza, mara thelathini na moja, bila kukosa na bila kuchukuliwa na gari la ufagio. Siku hizi alikuwa akimaliza wa mwisho. Kwetu wa mwisho hupewa jibini nzima na kupigiwa makofi kuliko wa kwanza, na Gildo alikuwa ameichukua jibini hiyo miaka minne mfululizo.

Sasa niseme lile ambalo bonde zima lilijua na hakuna aliyelitamka. Gari la ufagio halimngoji mtu. Lina karatasi ya muda, kijiji kwa kijiji, na kileleni Marenza linatakiwa lifike saa nane kamili mchana barabara ifunguliwe. Miaka minne hiyo tulikuwa tunafika saa nane na robo, na nusu, na mwaka wa nne karibu saa tisa. Kila Gildo alipokaribiwa, Armida aliona waya wa ufagio umelegea. Au alikumbuka kumsalimu mwenye ng'ombe. Au kiu ilimshika. Mimi nilikuwa nashuka, naukaza waya uliokaza tayari, napanda. Ningesema nini?

Mwaka huo, asubuhi ya mbio, binti yao Noris alituwahi tukiwa bado tunafunga ufagio. Ni muuguzi, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kutolala.

"Mama, leo mpite."

"Nimpite nani?"

"Usijifanye hujui. Juzi kasinzia mezani kijiko kikiwa mkononi. Daktari katia sahihi ile karatasi ya kumruhusu ashindane baada ya kumnung'unikia nusu saa. Mpite tu, umlete nyumbani."

"Ana miaka sabini na minne, Noris. Ana kitu gani kingine?"

"Ana sisi. Hatutoshi?"

Armida alipanda, akawasha gari, akaliondoa kabla sijafunga mlango wangu vizuri.

Kwa asiyewahi kuendesha nyuma ya baiskeli siku nzima, hiyo ni adhabu. Gia ya kwanza, gia ya pili, klachi, breki, klachi. Kufika Bondrano, mlima wa kwanza, mguu wake wa kushoto ulikuwa umeshavimba ndani ya kiatu. Akavua kiatu, akaendelea na soksi. Nilimwambia tubadilishane. Akaniambia nikabadilishane na mkwe wangu, yeye usukani hauachi.

Baada ya Bondrano tulimpata daktari wa meno kutoka Milano, amekaa kwenye ukingo wa barabara, baiskeli yake inang'aa kuliko madirisha ya kanisa. Alikuwa ndio kwanza anajiinua ili aendelee. Armida akampita kwa urefu wa tairi moja, akasimama.

"Mama, ningemaliza mimi," akasema nikimfungua pini mgongoni. "Ila gia imenigomea."

"Gia zenu hugoma mlimani tu," akasema Armida. "Bondeni hazina neno. Ingia, kuna mkate na jemu."

Akaingia, akala. Tukapita mashamba ya mahindi, tukavuka daraja, na Marenza ikaanza. Mbele yetu alibaki mtu mmoja tu. Nilimjua kwa mgongo. Jezi yake ya sufu, aliyofumiwa na Armida mwaka walipooana, ilikuwa imelowa na kuning'inia. Alikuwa akipanda kwa kuyumba, ukingo huu hadi ule, na kila alipofika kwenye ukuta wake wa mawe alionekana kama anataka kuushika.

Kona ya tatu kulikuwa na watu wanakula soseji.

"Armida!" mmoja akapiga kelele. "Miaka yote unamfukuza mumeo humpati! Umempendea nini?"

"Nilimpendea kimya chake," Armida akajibu. "Wewe hunacho."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Kona ya tano tukawa tumemkaribia Gildo kiasi cha kusikia pumzi zake, na saa yangu ilionyesha tumeshachelewa dakika sita.

"Elvezio," akasema, "nadhani ule waya umelegea."

Nikashuka. Nikaugusa waya. Niliporudi, daktari wa meno alikuwa ametoa kichwa katikati ya viti vyetu.

"Samahani, mama. Mimi ulinipita sekunde mbili kabla sijakanyaga pedali. Huyu mzee mbona anangojewa? Sheria ni yangu peke yangu?"

Nilitaka kumwambia ale mkate wake. Lakini Armida alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na hatazami mtu. Miaka ishirini na minne ya basi la shule na ishirini na miwili ya ufagio, hapakuwahi kutokea mtu wa kumwambia neno hilo. Nililiona likimwingia.

"Hapana," akasema taratibu. "Si yako peke yako."

Akaingiza gia. Nikajua anakwenda kufanya nini, na nakiri nilifumba macho. Mbio thelathini na moja zote, halafu upitwe na mke wako mwenyewe! Nilimwonea uchungu Gildo na nilimwonea uchungu zaidi yeye aliyekuwa anaendesha.

Tukampita kwenye kona ya sita, penye kanisa dogo. Armida akasimamisha gari mbele yake na kuzima injini. Gildo akaweka mguu chini. Hakuja dirishani wala hakutukana. Aliegemea ukuta akihema muda mrefu, kisha akasema, "Umechelewa."

Armida alishuka na soksi yake moja. "Nimechelewa nini?"

"Miaka minne. Miaka minne nageuka nyuma naomba unipite. Kila nikigeuka nakuona umesimama, unachezea ule ufagio wako."

"Ungeshuka basi! Nani alikushikia bastola?"

"Nishuke vipi, Armida? Bonde zima linasema Gildo hajawahi kushuka. Wewe mwenyewe unalisema, kwa mwokaji, kwa padri. Jezi unaifua wiki nzima kabla. Nikajua unataka nimalize. Nikasema acha nimmalizie mwanamke huyu."

"Mimi?" Akauonyesha mguu wake wa kushoto. "Mimi mguu huu siwezi hata kuukunja! Kila mwaka nataka kuzirudisha funguo kwa kamati. Nikasema nikiacha, ataletwa dereva mgeni ampite Gildo wangu siku ya kwanza."

Gildo aliutazama ule mguu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliuona. Akatikisa kichwa. Wakabaki hivyo, wazee wawili waliochoka barabarani, na mimi nimesimama na kikopo changu cha pini nikitamani ningekuwa sehemu nyingine.

Daktari wa meno akashuka mwenyewe, akaichukua baiskeli ya Gildo na kuipandisha juu ya paa, akaifunga kando ya ufagio. Kwa hilo nilimsamehe.

Gildo akageuza mgongo. Nilipiga hatua kumtoa namba, Armida akanisogeza kando. Pini zilikuwa nne, na ya kwanza ilimchoma kidole. Akaikunja namba mara mbili na kuiweka kwenye mfuko wa sweta yake, kisha akamwambia mumewe akae mbele. Mimi nikaenda nyuma na daktari wa meno.

Hatukuwa na mtu wa kumfuata tena. Armida alipandisha mlima kwa mwendo wa basi la shule, kona baada ya kona, na kabla ya ile ya tisa Gildo alikuwa ameshalala, kichwa kimeangukia bega la mkewe. Ilimbidi aendeshe amejiinamia upande ili asimwamshe. Kileleni tulifika saa nane kasoro dakika moja.

Watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili kama kila mwaka, jibini iko mezani, na walipoliona gari wakaanza kupiga makofi na kutingisha kengele za ng'ombe, wakimtafuta Gildo mbele yetu. Noris alikuwa wa kwanza kuiona baiskeli juu ya paa. Akaziba mdomo kwa kiganja. Wengine hawakuelewa, wakazidisha kengele.

Armida akashusha kioo, akatoa kichwa nje, akawakemea kwa ile sauti ya basini ambayo nusu yao walikulia nayo.

"Nyamazeni nyote. Amelala."