Nusu Duara ya Chokaa

Jumatatu jioni Ngazi alirudi kutoka shuleni akamkuta mjomba wake amekaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, bado amevaa viatu vya kazi. Saa ile alipaswa kuwa uwanjani. Ngazi alijua kilichotokea kabla hajaambiwa, na begi likamlemea begani kama limetiwa mawe.

"Shikamoo mjomba. Leo mapema?"

"Marahaba mama. Nimeambiwa nipumzike." Alicheka kidogo, kicheko cha puani. "Mkuu wa shule anasema jana nilifungua uwanja, nikaingiza watu wakacheza. Labda nilifungua usingizini. Uzee huu."

"Utapumzika mpaka lini?"

"Mpaka wakae kikao. Kuna chai, jimiminie."

Hakumtazama usoni alipoyasema hayo. Ngazi alimimina chai, ikapoa kikombeni.

Zamani uwanja wa shule ile haukuwa na kufuli. Kengele ya mwisho ikilia, mwalimu alikunja suruali akaingia kucheza na wanafunzi, na aliyeshindwa hesabu asubuhi alipata jioni mahali pa kushinda kitu. Mjomba, mtunza uwanja, aliupiga chokaa uwanja ule tangu siku hizo. Kisha akaja mkuu mpya, mama mwenye sauti ndogo na maagizo makubwa. Uwanja ukawekewa uzio. Darasa la mtihani likakatazwa michezo kabisa. Madarasa mengine yakapewa kipindi kimoja siku ya Ijumaa, na mvua ikinyesha Ijumaa, basi tena. Timu ya mpira wa pete ikachaguliwa kwa alama za darasani. Wakapelekwa mashindanoni wasichana hodari wa kemia wanaofumba macho wakirushiwa mpira, wakafungwa mpaka mwamuzi akaona haya.

Ngazi, mfungaji ambaye mikono yake ilikaribia pete bila kuruka, aliitazama mechi ile akiwa nje ya mstari. Alikuwa darasa la mtihani. Alimwendea mwalimu wa michezo, akajibiwa, "Mwanangu, mimi mwenyewe naomba ruhusa ya kushika mpira." Jioni alikalishwa na wenzake mbele ya vitabu hadi giza, na katika saa zote hizo hakuna kilichomwingia kichwani isipokuwa ile pete iliyoonekana dirishani, imesimama peke yake.

Ndipo Jumapili ile mjomba alipolala mchana, Ngazi alichukua ufunguo wa uwanja msumarini nyuma ya mlango. Aliwaita wenzake wa timu ya zamani.

"Tukikamatwa je?" aliuliza mmoja, mnene, waliyemwita Boflo.

"Tutasema tulikuwa tunakutafutia kiuno," alisema mwingine, na wote wakacheka wakaingia.

Walicheza mpaka koo zikakauka. Walipomaliza, Ngazi aliona wameifuta nusu duara ya kufungia, ile aliyoichora mjomba Jumamosi kwa ajili ya wageni wa Jumatatu. Wenzake walisema twende. Yeye hakuweza. Amelelewa na mtu asiyeacha mstari umekatika. Akatoa kamba na kopo la chokaa kwenye kibanda cha vifaa, akaichora upya, safi, kama vile anavyoichora mjomba.

Hapo ndipo alipomponza mjomba. Mkuu alipopita na wageni Jumatatu aliona nyayo zimejaa uwanja mzima, lakini juu ya nyayo hizo mstari mweupe usio na doa. Akasema mstari huo umechorwa baada ya mchezo, na shule nzima mwenye mkono huo ni mmoja. Laiti angeuacha umefutika, wangelaumiwa watoto wa mtaani walioruka uzio.

Jumanne Ngazi alisimama mbele ya meza ya mkuu.

"Ni mimi, madam. Niliiba ufunguo msumarini. Mjomba alikuwa amelala."

"Amekutuma?"

"Hapana."

"Ule mstari ni wa mtu wa kazi. Usinifanye mtoto."

"Naomba kamba, madam. Nitauchora."

Wakaenda uwanjani. Upande wa pili kulikuwa na nusu duara iliyofifia. Ngazi alivua viatu, akafunga kamba kwenye nguzo, akaivuta mpaka kwenye fundo la kipimo, akaanza kurudi kinyumenyume huku chokaa ikimiminika kutoka kwenye tundu la kopo. Usitazame kopo, mjomba alimfundisha, tazama nguzo. Aliitazama nguzo, ingawa machozi yaliifanya kuwa mbili. Mstari ulizunguka ukagusa mwisho wake pale pale ulipotakiwa.

Mkuu aliufuata mstari kwa macho, mwisho hadi mwisho.

"Mjomba wako atarudi kazini," alisema. "Lakini getini. Anayeacha ufunguo msumarini hawezi kushika ufunguo wa uwanja. Na wewe hutagusa mpira wa shule hii mpaka umalize. Nenda darasani."

Adhabu yake ilikuwa ile ile aliyokuwa akiitumikia tayari. Ya mjomba ndiyo iliyokuwa mpya.

Jioni alimweleza yote, amepiga magoti sakafuni. Alingoja akaripiwe. Mjomba alikuna kidevu.

"Getini kuna kivuli," alisema. "Ulianzia upande gani?"

"Kulia."

"Mimi naanzia kushoto. Ukagusa mwisho?"

"Umegusa, mjomba."

Mzee akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa salamu za ndugu wa mbali. Kisha akauliza, "Kamba uliikunja?"

Ngazi aliiona akilini kamba ile pale alipoiacha, imelala mchangani kando ya nguzo, na mkuu akifunga kufuli nyuma yao.

"Niliikunja," alisema.

"Ahsante mama. Ile ikilowa inaoza."

Asubuhi alimkuta getini, kofia ya ulinzi imemshuka hadi masikioni, akiyafungulia magari.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kimbia, kengele hiyo."

Alipita kando ya uzio. Kamba ilikuwa pale, imelowa umande, mita chache kutoka mkononi mwake, na kufuli jipya likining'inia. Hakugeuka kuitazama tena, asije mjomba akatazama anakotazama yeye.