Jemadari wa Babu na Kisima cha Kijiji

Kiangazi cha mwaka 1974 nilikuwa na umri wa miaka tisa. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa karibu na Kilosa, na wenyeji walitunyima kisima. Hadi leo harufu ya mtungi uliolowa hunirudisha kwa babu, akisimulia habari za jemadari wa kabila moja la Waarabu katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Waislamu wa mwanzo. Adui waliwazuia watu wake kunywa mtoni. Jemadari akauteka mto, kisha jeshi lake likawaachia adui hao hao wanywe.

“Wajinga hao, babu!”

“Wenzao walikuwa na kiu, mke wangu,” alicheka.

Mkutano wa kijiji ulipoamua rasmi kwamba kisima ni cha wote, tulipewa zamu ya kwanza. Babu alinitazama tu. Nilijaza mtungi wangu, nikamtwisha yule mwanamke mwenyeji aliyekuwa akitufukuza kisimani, aende nao kwake.