Panga la Pesa ya Nywele

Ukitaka kujua mtu wa Kibera ni wa enzi gani, usimwulize mwaka aliozaliwa, maana ataudanganya. Mwulize nyama kwao ilikuwa inakatwa na nini. Akikujibu kisu, huyo ni mtoto wa juzi. Sisi tuliokulia Lindi, mtaa mmoja humo humo Kibera, wakati ule tulikuwa na panga moja kwa ploti nzima, vyumba kumi na viwili, na panga lenyewe lilikuwa la Mama Kevo, jirani yetu aliyepika mandazi mlangoni pake.

Kuazima panga la Mama Kevo ilikuwa kama kutangaza kwa spika kwamba kwenu kuna nyama. Tungekuwa katikati ya mchezo wa kati, mpira wa karatasi za nailoni uko hewani, mtu anakaribia kulengwa mgongoni, halafu sauti ya mama fulani isikike: "Mama Kevo, nisaidie panga." Mchezo uliishia hapo. Kila mtoto alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli karibu na mlango wa mwenye nyama. Wiki nzima tulikuwa tumekula sukuma wiki na omena, vile vidagaa vya ziwani, hata nguo za shule zilinuka omena, kwa hiyo msitulaumu. Na Mama Kevo mwenyewe, baada ya nusu saa, alipita "kuangalia kama panga iko sawa", sahani mkononi.

Panga hilo lilikuwa na mpini uliofungwa raba ya baiskeli, na kila mtu alijua unacheza. Jumamosi moja mama yangu alikuwa anamkatakata kuku, jogoo mzee aliyekuja na basi kutoka Siaya, mgumu kama kiatu cha askari. Mama akainua panga juu kabisa. Aliposhusha mkono, alishusha mpini peke yake. Chuma kilikuwa kimeshaondoka. Kiliruka juu ya kamba ya nguo, kikapita juu ya vichwa vyetu tukiwa tumefungua midomo, kikaenda kusimama wima ndani ya beseni la Mama Kevo, katikati ya unga wa mandazi aliokuwa anaukanda.

Hakuna aliyeumia. Mama Kevo alikiangalia kile chuma, akakichomoa polepole, akakifuta unga, akasema kwa utulivu uliotutisha kuliko kelele:

"Mama Atieno, kuanzia leo nyama yako kata na meno."

Mambo yangeishia hapo, lakini Jumamosi iliyofuata tulikuwa na wageni. Mdogo wake mama, Anti Rozi, aliyekuwa akiishi nasi, alikuwa amepata mchumba, fundi wa viti, na mamake yule mchumba alikuwa anakuja kuona msichana anaishi na watu wa aina gani. Mama alikuwa ameapa kwamba mkwe atakunywa supu ya mguu wa ng'ombe na atakula kuku, na vyote vitakatwa vizuri, si kuraruliwa kama vimepigana na mbwa.

Mtauliza kwa nini asikatiwe bucha. Mama hakuamini bucha. Aliamini kwamba ukikatiwa nyama, kila panga likishuka kuna kipande kinaruka chini ya meza, na hicho hakirudi. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi, shule zikiwa zimefungwa, alinunua mguu mzima, akauweka kwenye kiondo na kwato ikachungulia nje, akatuambia mimi na Anti Rozi: "Twende Kawangware. Leo tunanunua panga yetu."

Anti Rozi alikubali haraka kwa sababu alikuwa na safari yake. Pale steji ya Kawangware 56 kulikuwa na msusi aliyemjua, bei yake nafuu, na pesa ya kusuka nywele alikuwa ameificha ndani ya soksi tangu mwezi uliopita.

"Na huo mguu wa nini?" aliuliza.

"Panga si gauni," mama akasema. "Huwezi kujua kama inakutosha kwa kuangalia."

Tukaenda kwa miguu. Tulipofika Ngong Road tulikuwa na mbwa mmoja nyuma yetu. Tulipofika Kawangware walikuwa wanne, wamepanga mstari kwa heshima kama wanaofuata jeneza. Anti Rozi alitembea mbele hatua ishirini ili watu wasijue tuko pamoja.

Duka la kwanza lilikuwa la vifaa vya ujenzi. Muuzaji alileta panga la bucha linalong'aa, fupi, pana kama daftari, likiwa bado kwenye karatasi yake. "Mama, hii imetoka ng'ambo," akasema. Mama akatoa mguu, akauweka juu ya kaunta, kati ya misumari na rangi.

"Kata."

"Hapa?"

"Kwani wewe unanunua kiatu bila kuvaa?"

Yule kijana aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akakata. Lilisikika *tiing!* kama kengele ya shule. Mfupa ulikatika kidogo, lakini panga lilipoinuliwa lilikuwa na pengo ukingoni, kama mtoto wa darasa la kwanza. "Hiyo ni ya kukata sukuma," mama akasema, akachukua mguu wake. Muuzaji alitutoa nje pamoja na mbwa, ambao walikuwa wameshaingia.

Wa pili alikuwa mzee mmoja aliyetandaza vyuma vya mtumba juu ya gunia. Lake lilikata vizuri, kwa pigo moja, tukasikia ardhi ikitikisika. Mama akampa Anti Rozi ajaribu. Anti alilinyanyua hadi kiunoni, likamshinda, likamrudisha chini pamoja naye.

"Baba, mimi nataka kukata nyama," mama akamwambia mzee. "Sitaki kujenga barabara." Lakini kabla ya kuondoka alimwomba akate tena mara mbili, eti ahakikishe.

Ndipo tukafika kwa Mutua, fundi kutoka Kitui, aliyekuwa akifua mapanga nje ya kibanda chake kwa springi za lori. Mama akachukua panga moja, akalipima kwa kulilaza juu ya vidole viwili. Akavuta mpini. Akaangalia misumari yake, mitatu, imetokea mpaka upande wa pili na kupigwa ikalala. Akaligonga kwa sarafu, akaweka sikio.

"Inaimba," akasema.

"Hiyo itatuzika mimi na wewe," Mutua akajibu kwa majivuno.

"Mimi sina haraka ya kuzikwa. Kata."

Mutua akakata, *tap*, mfupa ukaachana kama mkate. Mama akasema kata huku kwenye goti. *Tap.* Sasa kando kidogo. *Tap.* Ngoja tuone kama makali yamebaki. *Tap, tap.* Jasho likamtoka, watu wakajaa, mbwa wakakaa chini. Mwishowe Mutua akanyoosha mkono kuchukua sehemu iliyobaki, akakuta hakuna. Mguu wote, mpaka kwato, ulikuwa vipande vya supu, saizi moja, safi.

"Woi, mama," akasema taratibu. "Umekuja kununua panga, ama umekuja kukatiwa mguu?"

Watu walicheka mpaka mwanamke mmoja akaweka ndoo yake chini. Mama hakucheka. Niliona uso wake ukipiga hesabu: kama mguu umeshakatwa, na bure, panga la nini tena? Akaanza kukusanya vipande kwenye kiondo, polepole, kama mtu anayetafuta njia ya kuondoka. Mutua akaweka panga lake chini. Alikuwa ameacha kutabasamu.

Ndipo Anti Rozi, aliyekuwa amejificha nyuma ya umati muda wote huo, akatokea. Akainama, akavua kiatu, akavua soksi.

"Fundi, nipe hiyo panga."

"Rozi!" mama akasema. "Na nywele?"

"Dada, umemchosha huyu mtu tangu saa nne. Na kuku wa kesho tutakata na nini, na meno?"

Tulirudi Lindi na panga limefungwa gazeti. Kila tulipopita saluni njiani, Anti alitazama upande mwingine, na mimi nilimshika mkono kwa sababu niliona macho yake yamejaa.

Kesho yake alijifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Mkwe, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, alikuja na dada zake wawili, naye alikuwa amejifunga kitambaa chake vizuri. Jiko letu lilikuwa kona nyuma ya pazia. Wakati supu inachemka, mkwe alifunua pazia bila kuomba ruhusa, akaona panga, akalichukua, akalilaza juu ya vidole viwili.

"Hii mmetoa wapi?"

Anti Rozi hajui kudanganya. "Nilinunua na pesa ya nywele," akasema, akaangalia miguu yake.

Halafu yule mama akacheka, akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani, na chini yake nywele zilikuwa zimesimama huku na kule, hazijaguswa na msusi.

"Yawa! Mimi yangu nilinunua sufuria," akasema. "Iko kwa mfuko. Nimewaletea."

Ndoa ilimalizika kupangwa hapo nyuma ya pazia, kabla supu haijaiva. Anti alipoenda kwake alienda na panga, kwa kuwa lilikuwa lake, na mama akalazimika kurudi kwa Mutua. Alipotuona kwa mbali tumebeba kiondo, yule fundi alianza kufungasha vitu vyake.

Juzi binti yangu amenunua panga la nyama kupitia simu. Nimemuuliza amelipimaje, akaniambia lina nyota tano. Nani amezitoa? Hajui. Limekuja kwenye boksi zuri, jepesi kama kijiko, na kazi ambayo limefanya mpaka sasa ni kupasua parachichi, maana nyama yenyewe wanainunua ikiwa imeshakatwa, imelala kwenye kisahani kama mgonjwa.

Mama siku hizi anakaa kwenye gorofa za Soweto East, palepale Kibera, orofa ya tatu. Ana maji ya bomba na choo ndani, na ninamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini kule akipiga mfupa mara moja, jirani wa chini anagonga dari na ufagio. Kwa hiyo Jumapili moja kila mwezi anakuja kwangu Kawangware, anakaa uani juu ya kigoda, anakata nyama yake taratibu, pigo baada ya pigo. Halafu anasimamisha mkono na kuangalia milango ya majirani zangu, yote imefungwa, televisheni zinaongea ndani.

"Atieno," ananiuliza, "hapa kwenu watu hawasikii?"

Ninamwambia wanasikia, mama. Anangoja kidogo, kisha anakata tena, kwa nguvu zaidi.