Siku Tuliyompima Mama Mkwe wa Daktari

Mnisamehe mwandiko. Niliishia darasa la saba, na karatasi hii imenichukua siku nne. Herufi ikipotea, itafuteni kwenye neno la jirani.

Nilianza kazi kliniki ndogo ya Suna, Migori, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Siku ya kwanza Sista Mkuu alinikabidhi sufuria ya vyuma. "Chemsha dakika ishirini. Ukivitoa mapema kama mayai, nitajua." Zilikuwa spekulamu, vyuma vya kufungulia uke, tulivyoviita midomo ya bata. Kwa haya niliyokuwa nayo, mwezi mzima nilivichemsha nikitazama ukuta.

Kupima saratani ya mlango wa kizazi kulikuwa hivi. Sista alipangusa ndani kwa kijiti, akapaka kwenye kioo chembamba, nami nikakichovya kwenye spiriti kabla hakijakauka. Kioo kilienda Kisumu, majibu yakarudi yalipojisikia. Kipimo kingine kilikuwa ayodini: mahali pazima panageuka kahawia, penye mashaka panabaki njano. Hapo hukatwa kinyama kidogo kikapimwe.

Baadaye nilihamishiwa Kosele. Huko aliyeielewa ayodini vizuri alikuwa Afisa wa Tiba peke yake, tuliyemwita Daktari. Asubuhi moja alichungulia dirishani, akakimbilia stoo na kujifungia.

"Daktari, kuna nini?"

"Maro," akanong'ona kwa Kijaluo. "Mama mkwe wangu."

Kwetu mtu na mama mkwe wake hata kula pamoja hawali, sembuse kupimana.

Yule mama alikuwa ameondolewa mji wa mimba zamani, akadhani hana tena cha kupimwa. Sasa alikuwa anatokwa na damu. Akaniuliza mlangoni, "Nyathina, mwanangu, aliyeoa kwangu yuko?"

"Hayupo, mama."

"Na pikipiki yake imekuja peke yake?" Akageuka kuondoka.

Nilijua akitoka geti hatarudi. Nikasahau haya, nikamshika mkono. "Mama, atakayekuona ni Sista. Mimi nashika tochi tu."

Akapanda kitandani. Sista wa Kosele akaweka mdomo wa bata, akapaka ayodini. Kati yetu na stoo kulikuwa na ubao mwembamba.

"Rangi gani?" stoo ikauliza.

"Kahawia."

"Zungusha chuma. Usiache ukuta wa nyuma."

Sista akazungusha. "Huku juu, karibu na kovu, pana njano. Kama ukucha wa kidole kidogo."

"Sista, huyo ni nani?" mama akauliza.

"Mtu wa stoo."

"Anajua mambo mengi kwa mtu wa stoo." Akageukia ubao. "Muulize basi, hiyo njano itaniua?"

"Mwambie bado hatujui," sauti ikajibu, sasa taratibu. "Sista akate kinyama kidogo tu. Nitakipeleka Kisumu mwenyewe."

Majibu yalisema haijawa saratani, ilikuwa hatua ya kabla yake. Mama akatibiwa Kisumu, akapona. Alirudi na kuku kwapani.

"Mpe mtu wa stoo," akaniambia. "Na umwambie anisalimie binti yangu."

Sasa nimestaafu. Bado nakutana na akina mama walioondolewa mji wa mimba wanaosema yao yamekwisha. Nawaambia wamuulize daktari kwanza, na damu ikionekana wasingoje.

Nanyi mliofanya kazi hii kwingine, niandikieni: mliwaficha wapi wakwe? Sisi tulikuwa na stoo moja tu.